Kengele ifundishe sikio, isiibe usingizi

Ukishuka Maungu kwenye barabara kuu iendayo Mombasa, ukaiacha lami na kuifuata njia ya vumbi jekundu kuelekea Mlima Kasigau, utafika Rukanga. Ni kijiji kilichoketi chini ya mlima, ambako kina mama husuka vikapu vya katani na wazee hukesha wakiyalinda mashamba dhidi ya ndovu. Jumatatu moja nilikuwa mgeni katika shule ya bweni ya upande huo. Sina haja ya kuitaja kwa jina, maana niliyoyaona hapo huonekana katika shule nyingi za nchi hii.

Bendera ilikuwa ikipandishwa. Mwalimu wa zamu alimwashiria msichana mmoja auanzishe wimbo wa taifa. Msichana akauanza kwa sauti ya juu mno. Ulipofika pale panapopanda, wavulana walinyamaza, wasichana wakatoa ukelele, na walimu wakabaki kuchezesha midomo tu. Ubeti wa pili ulianzwa chini mno, hata ukafanana na mngurumo wa lori mlimani. Mwalimu alikasirika. "Hamna masikio nyinyi!" akafoka.

Katika safu ya nyuma, wavulana watatu walikuwa wakisinzia wima, mabega yameegemeana. Nilipouliza nikaambiwa kwamba wao huamshwa saa kumi alfajiri ili wajisomee kabla ya kupambazuka. Kinachowaamsha ni kengele ya shule, nayo ni kipande cha reli kuukuu kilichoning'inizwa mtini na kugongwa kwa nondo.

Nimelitafakari tukio hilo kwa muda mrefu, na nimeshawishika kwamba makosa yale mawili, la sikio na la usingizi, yana chanzo kimoja. Tumeamini kwamba ujuzi ni zawadi ambayo mtoto huzaliwa nayo au huzaliwa bila nayo. Tena tumeamini kwamba saa anayoitumia kulala ni saa iliyopotea. Imani zote mbili si za kweli, na wanaoumia kwa sababu yake ni watoto wetu.

Tuanze na sikio. Walimu wa Kiswahili huwafundisha wanafunzi wao kwamba kidatu ni ule ujuu au uchini wa sauti. Katika muziki, kidatu ndicho msingi wa kila kitu. Wapo watu wachache ambao, ukigonga kinanda nao wamekipa kisogo, watakutajia papo hapo jina la noti uliyoigonga. Uwezo huo tuuite sikio kamili. Aghalabu husemwa kwamba ni mtu mmoja katika kila watu elfu kumi aliye nao. Kwa karne nyingi uwezo huo ulihesabiwa kuwa muujiza. Mtoto Mozart alistaajabiwa kote Ulaya kwa sababu yake, na wengi wakaamua kwamba Mungu amegawa masikio kama alivyogawa urefu wa miili.

Hata hivyo, mwaka 2014 mtafiti wa Kijapani, Ayako Sakakibara, alichapisha matokeo yaliyoitikisa imani hiyo. Aliwachukua watoto 24 wa umri wa kati ya miaka miwili na sita, akawazoeza kutambua sauti zinazopigwa pamoja kwenye piano. Vipindi vilikuwa vya dakika chache tu, lakini vilirudiwa mara kadhaa kila siku, na kwa baadhi yao mazoezi yaliendelea kwa zaidi ya mwaka. Watoto wawili waliacha njiani. Wale 22 waliofika mwisho wote walipata sikio kamili. Hawakuwa wamechaguliwa kwa kipaji. Walichokuwa nacho ni umri mdogo, mwalimu, na zoezi lisilokatizwa.

Msomaji atauliza: na yule ambaye umri huo umempita? Kweli, kwa mtu mzima njia ni ndefu zaidi, na wengi hawafiki mwisho wake. Lakini wanamuziki wengi mashuhuri hawana sikio kamili, wala hawalihitaji. Wanachokitegemea ni sikio linganishi, yaani uwezo wa kusikia umbali uliopo kati ya sauti moja na nyingine. Sikio hili hufunzika katika umri wowote. Wasioweza kabisa kutofautisha vidatu wapo, lakini ni wachache mno; hata makadirio ya juu hayazidi watu wanne katika kila mia. Basi mwalimu anapowatazama watoto mia tatu gwarideni na kuwaambia kwamba hawana masikio, amewasingizia watoto wasiopungua mia mbili na themanini.

Isitoshe, kumbukumbu ya kidatu imo ndani yetu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1994 Daniel Levitin aliwaomba wanafunzi wa chuo, ambao wengi wao hawakuwa wanamuziki, waimbe kwa kumbukumbu nyimbo walizozipenda. Wengi walianza kwa kidatu kilichokaribia sana kile cha santuri yenyewe. Hawakujua kwamba wanajua. Hali kadhalika, mzee wa Kasigau anayelinda mahindi yake usiku hulitambua tawi lililovunjwa na ndovu na kulitenga na tawi lililovunjwa na upepo. Hakuzaliwa na elimu hiyo. Alifundishwa na haja, na kila alipokosea alilipa kwa mavuno yake.

Nayo nchi ya Wataita si ngeni kwa muziki. Ndiyo iliyomzaa Fadhili William Mdawida, ambaye sauti yake iliupeleka wimbo "Malaika" mbali, ingawa umiliki wa wimbo huo umebishaniwa kwa miaka mingi. Ndiyo nchi ya Mwazindika, ngoma inayomtaka mpigaji aijue sauti ya ngozi kabla hajaigusa. Kidawida nacho, kama lugha nyingi za Kibantu, hutofautisha maneno kwa toni, jambo ambalo Kiswahili kimeliacha. Mtoto anayekua akizungumza lugha kama hiyo hulizoeza sikio lake kila siku pasipo kujua.

Wala hatuwezi kusingizia ukosefu wa ala. Chombo bora cha kulifunza sikio kimekuwamo makanisani na shuleni mwetu tangu enzi za wamisionari, nacho hakiuzwi dukani. Ni solfa: do, re, mi, fa, so, la, ti. Mbegu yake ilipandwa na mwalimu wa kike wa Norwich, Uingereza, aliyeitwa Sarah Glover, kisha mchungaji John Curwen akaistawisha katika karne ya 19, akiongeza ishara ya mkono kwa kila noti ili hata asiyejua kusoma aweze kuimba. Curwen hakutafuta vipaji. Alitaka mtoto wa maskini aweze kuimba pamoja na wenzake. Kwa maandishi hayo hayo ya solfa, mwaka 1897, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini, Enoch Sontonga, alitunga wimbo ambao lahani yake ndiyo leo ya wimbo wa taifa wa Tanzania. Hakuwa profesa. Alikuwa mwalimu mwenye daftari na wanafunzi wa kuwaimbisha.

Sisi tumefanya nini na urithi huo? Kenya imekuwa na tamasha la muziki tangu mwaka 1927, na ni jambo la kujivunia. Lakini tazama jinsi kwaya nyingi zinavyoundwa. Watoto hupangwa mstari, kila mmoja huimba maneno machache, na dakika ishirini baadaye arobaini wamechaguliwa na mia mbili wameambiwa wakae kando. Wale arobaini ndio watakaozoezwa kwa muhula mzima, kisha mwisho wa mwaka tutasema: unaona, hawa walizaliwa na sauti! Tumemwagilia mche mmoja na kuunyima mwingine maji, halafu tukausifu ule wa kwanza kwa umbo lake jema. Huu si uchaguzi wa vipaji. Ni ugawaji wa mazoezi.

Mazoezi yenyewe nayo yana kanuni zake. Kurudia tu hakutoshi, kwa maana anayerudia kosa hulizoea. Bibi anayemfundisha mjukuu kusuka kikapu hasubiri kikapu kikamilike ndipo aseme kimepinda. Mtoto akikosea mzunguko mmoja, bibi huufumua papo hapo, akauonyesha, kisha akamwachia aufume tena. Humo mmekamilika elimu nzima: jaribu, pata jibu upesi, sahihisha, rudia. Mwanafunzi wa sikio hufanya vivyo hivyo. Hukisia noti kabla ya kuisikia, kisha huisikia, kisha hujipima. Ule wakati mfupi baina ya kukisia na kusikia ndio unaofundisha. Dakika tano za namna hiyo kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi moja kabla ya tamasha.

Sasa nihamie usiku, maana kuna ujuzi wa pili unaofuata kanuni hiyo hiyo, nao utaonekana wa ajabu zaidi. Kila mmoja wetu huota. Lakini imewahi kukutokea, ndotoni, ukagutuka na kusema moyoni, "Ala! Kumbe naota," na ndoto ikaendelea? Ikiwa ndiyo, hauko peke yako. Uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2016 uliona kwamba zaidi ya nusu ya watu wamepata ndoto ya namna hiyo walau mara moja maishani. Tuiite ndoto ya kujitambua. Tabibu wa Kiholanzi, Frederik van Eeden, ndiye aliyeipa jina lake la kitaalamu mwaka 1913, ingawa watawa wa Tibet walikuwa wameifanyia mazoezi kwa karne nyingi kabla yake.

Wanasayansi waliicheka habari hiyo kwa muda mrefu. Mtu atathibitishaje kwamba alijitambua ilhali amelala? Jibu lilipatikana katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, mwaka 1975. Mtu anapoota, misuli ya mwili wake hulegea kabisa, isipokuwa macho na pumzi. Mtafiti Keith Hearne alipatana na mwotaji hodari, Alan Worsley, kwamba akijitambua ndotoni ayapeleke macho yake kushoto na kulia kwa idadi waliyoiafiki. Mashine ziliandika ishara hiyo huku ubongo ukionyesha wazi kwamba mtu amelala. Muda si mrefu Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akapata matokeo kama hayo kwa njia yake mwenyewe. Mwaka 2021, watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi walikwenda mbele zaidi. Waliwauliza waotaji hesabu ndogo za kutoa, na baadhi yao wakazijibu kwa macho wakiwa usingizini.

LaBerge ndiye aliyeonyesha kwamba ndoto hizi si karama ya wachache. Hufunzika. Mwanafunzi wa fani hii huweka daftari kando ya mto, akaandika ndoto yake mara tu anapoamka, kabla haijayeyuka. Mchana hujiuliza mara kwa mara, kwa dhati na si kwa mazoea: je, hivi sasa niko macho au naota? Kisha hujipima. Husoma maandishi, akageuka, akayasoma tena. Ndotoni maandishi aghalabu hubadilika. Akiamka kutoka katika ndoto huikumbuka na kuazimia kwamba nitakapoota tena, nitakumbuka kuwa naota. Hata hivyo, hakuna ahadi ya mteremko. Katika utafiti uliofanywa Adelaide, Australia, na kuchapishwa mwaka 2017, waliozifuata mbinu zote kwa juma moja walifanikiwa kiasi cha usiku mmoja katika kila sita.

Hapo ndipo ninapoona undugu wa fani hizi mbili. Anayelizoeza sikio hujiuliza: noti hii ni ipi? Anayeizoeza ndoto hujiuliza: hali hii ni ipi? Wote wawili hukisia, wakajipima, wakasahihishwa, wakarudia kesho. Wanachokifunza, chini ya majina tofauti, ni kuwa makini. Nani miongoni mwetu walimu asiyetamani darasa la watoto walio makini?

Yafaa niseme wazi ninachokikataa. Siwashauri walimu waanzishe somo la kuota. Mbinu kali za fani hiyo humtaka mtu aamke baada ya saa tano za usingizi kisha alale tena, na hilo si jambo la mtoto wa shule. Aliye na maradhi ya akili, au anayesumbuliwa na majinamizi, amwone daktari kwanza. Wala sizungumzii ramli au kutabiri. Waislamu na Wakristo wanaijua habari ya Yusufu na ndoto za Farao, na tafsiri ya ndoto ina wenyewe. Ninachozungumzia ni jambo la kawaida zaidi: ubongo wa mtoto aliyelala hauko likizoni, na ujuzi wa ndani kabisa, hata wa kuijua ndoto yako mwenyewe, huja kwa mazoezi.

Na sasa tumefika kwenye kiini cha maneno yangu. Mwaka 1953, huko Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba usingizi una vipindi ambavyo macho huchezacheza chini ya kope, na kwamba katika vipindi hivyo ndoto huwa nyingi na za wazi. Vipindi hivyo hurudi takriban kila dakika tisini. Lakini havilingani. Cha kwanza ni kifupi mno. Kadiri usiku unavyoendelea, ndivyo vinavyorefuka. Sehemu iliyo kubwa ya ndoto zetu, kwa hiyo, huja katika theluthi ya mwisho ya usingizi, alfajiri.

Fanya hesabu, ndugu mwalimu. Mvulana wa bweni akilala saa nne na nusu usiku na kuamshwa saa kumi alfajiri, amelala saa tano na nusu. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa nane hadi kumi kwa kijana wa miaka 13 hadi 18. Amepunguziwa, basi, si chini ya saa mbili na nusu kila usiku. Tena hatukumpunguzia kila aina ya usingizi kwa kipimo sawa. Tumeukata mkia wa usiku, ambamo ndoto zilikuwa zimejaa. Kengele ile ya reli imemnyang'anya sehemu ambayo hawezi kuirudishiwa kwa kusinzia gwarideni.

Kwamba usingizi ni sehemu ya mazoezi si maneno ya mvivu. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa fidla mjini Berlin, ambao ndio chimbuko la ule msemo wa saa elfu kumi uliotangaa duniani. Kila mtu alizikumbuka saa za mazoezi. Wachache walikumbuka kwamba katika karatasi hiyo hiyo wale waliobobea walikuwa wakilala zaidi kuliko wenzao, na wakijinyosha mchana pia. Walijua kwamba zoezi la umakini huchosha, na kwamba aliyechoka hurudia makosa tu. Mwaka 2010 Daniel Erlacher na Michael Schredl walikwenda mbali zaidi. Walionyesha kwamba watu waliofaulu kujitambua ndotoni na kufanya humo zoezi la kutupa sarafu ndani ya kikombe waliongeza shabaha yao walipoamka. Ulikuwa utafiti mdogo, lakini hutukumbusha kwamba usiku nao una darasa lake.

Sheria yetu wenyewe inalijua jambo hili. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinautenga muda wa kuanzia saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kuwa wa mapumziko ya wanafunzi wa bweni. Hizo ni saa nane na nusu. Kanuni hizo zipo, kengele ya saa kumi ipo, na katikati yao yupo mtoto anayesinzia.

Nakubali kwamba mwalimu hayuko huru kama ninavyoandika. Mzazi hutaka alama. Shule jirani huamka saa kumi, na mwalimu mkuu anaogopa kuonekana mzembe akiamsha wake saa kumi na mbili. Kuna shule ambako kudurusu alfajiri ndiyo fahari, na matokeo mazuri huhusishwa na kengele hiyo. Lakini tuulizane kwa uaminifu: nani amewahi kuyapima matokeo hayo dhidi ya darasa lililolala? Tumefanya kosa lile lile la kwaya. Waliofaulu licha ya kukosa usingizi tunawaonyesha wageni; walioanguka kwa sababu ya kukosa usingizi tunasema hawakuzaliwa na akili.

Yupo pia atakayesema kwamba muziki haumlishi mtu. Kweli, Muziki uliwahi kutahiniwa katika mtihani wa darasa la nane, kisha ukaondolewa, na usipotahiniwa aghalabu haufundishwi. Lakini mtihani wenyewe wa darasa la nane ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2017, umelipa somo la sanaa nafasi yake, na katika shule za sekondari ya juu upo mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo sambamba na ule wa sayansi na ule wa masomo ya jamii. Mtoto wa Rukanga atauchaguaje mkondo huo ikiwa tangu utotoni ameambiwa kwamba hana sikio?

Nimalize kwa mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za wafadhili.

La kwanza, ile kengele ya reli ifanywe mwalimu wa muziki. Chuma hicho hutoa sauti ile ile leo, kesho na mwakani. Kabla ya kugongwa asubuhi, watoto watulie na kuivumisha kimoyomoyo sauti wanayoikumbuka, kisha waitoe kwa kuguna, ndipo kengele igongwe nao wajipime. Ni zoezi la dakika moja. Chuma hutoa sauti kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo mwalimu achague ile inayodumu na kuishikilia hiyo. Kisha atafute, mara moja tu, ni hatua ngapi za solfa kutoka sauti hiyo hadi noti ya kuanzia wimbo wa taifa. Mwenye simu ya mkononi anaweza kupata humo hata ile noti ya A ya mitetemo 440 kwa sekunde, ambayo ndiyo kipimo cha dunia. Baada ya muhula mmoja, hakuna msichana atakayeachwa peke yake mbele ya bendera akibahatisha.

La pili, kwaya iwe na mlango usiofungwa. Anayekosea kidatu asiondolewe. Apewe dakika zake tano, kama bibi wa Kasigau anavyoufumua mzunguko mmoja bila kukitupa kikapu.

La tatu, kengele hiyo isiguswe kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Nanyi wanafunzi, wekeni daftari kando ya mto. Andikeni ndoto zenu mkiamka, hata kama ni mistari miwili. Hamtapata alama yoyote kwa hilo, lakini mtajizoeza kuyakumbuka mambo yanayoyeyuka upesi, na lugha yenu itanufaika.

Mwaka 1963, Kenya ilipokaribia uhuru, tume ya watu watano ilipewa kazi ya kuutafutia taifa wimbo. Hawakuiazima lahani ya ng'ambo. Waliichukua kwa majirani zetu Wapokomo wa Mto Tana, kwa Mzee Meza Moroa Galana. Ilikuwa ni lahani ya wimbo wa kubembelezea mtoto. Mama wa Kipokomo aliyeuimba alikuwa akifanya mambo mawili kwa mkupuo mmoja: alikuwa akilifunza sikio la mwanawe, na alikuwa akimlaza.

Sisi tunawasimamisha watoto kila Jumatatu wauimbe wimbo huo wakiwa hawakufunzwa kuusikia wala hawakuachwa walale. Yule mama hakusoma utafiti wa mtu yeyote, lakini alijua mtoto anahitaji nini. Tusiwe nyuma yake.